Rufaa Isiyohitaji Wakili

Kwetu Tanga nilikulia kwenye kandanda, ambako mwamuzi akiona kosa hupuliza filimbi bila kusubiri kuombwa. Kwa hiyo nilipohamia Minneapolis na kuingizwa katika timu ya kazini ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kisha kukimbia ukikanyaga vituo vinne kwa mpangilio, niliamini kwamba mwamuzi akinyamaza, basi sina kosa.

Jioni hiyo tulikuwa nyuma kwa pointi mbili katika zamu ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, wenzetu wawili wakiwa wametolewa (wa tatu akitolewa, zamu imekwisha) na wengine wawili wakisubiri kwenye kituo cha pili na cha tatu. Mimi, ambaye msimu mzima nilikuwa napiga hewa, niliupiga mpira ukavuka uzio: pointi tatu kwa mpigo, ushindi wetu. Nikakimbia nimemgeuzia uso mke wangu aliyekuwa akinirekodi, nikaruka juu kwa furaha, na katika kuruka huko nikakipita kituo cha kwanza bila kukigusa. Vingine vyote nilivikanyaga kwa madaha.

Mwamuzi aliliona kosa, lakini kanuni inamtaka anyamaze mpaka wapinzani wadai wenyewe, na mchezo ukiwa umefika mwisho, haki hiyo hudumu hadi waamuzi watoke uwanjani. Naye alikuwa ameshaanza kutoka! Lakini mimi nimelelewa. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamshukuru kwa uamuzi wa haki, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto na za joto la siku ile.

Nilikuwa bado kwenye watoto pale mama mmoja, mlinzi wao wa kituo cha tatu, alipotujia polepole na kusema kwamba anakata rufaa: mpigaji hakukanyaga kituo cha kwanza. Nilicheka. Rufaa ninayoijua mimi ina wakili, majalada na miaka. Hii, kwa kuwa mchezo ulikuwa umeshasimamishwa, haikuhitaji hata mpira mkononi. Mwamuzi akauchomoa mkono wake kutoka katika wangu, akaukunja ngumi, akanitoa kwa mkono huohuo. Na kwa kuwa wa tatu kutolewa alikuwa mpigaji ambaye kikanuni hakuwahi kufika kituo cha kwanza, pointi zote tatu zilifutwa, pamoja na za wenzangu wawili waliokanyaga kila walichotakiwa kukanyaga.

Mke wangu alikuwa ameshaituma video kwenye kundi la ukoo. Mjomba alikuwa wa kwanza kujibu: “Hongera sana, mpwa wangu. Hicho kitu cheupe ulichokiruka, kinang'ata?”