Dirisha la mbao, mlango wa ami

Wiki iliyopita huku Latvia ninakoishi nje kulikuwa na baridi ya digrii 12 chini ya sifuri, na ndani ya chumba changu cha kulala upepo ulikuwa ukinipuliza sikioni kama mganga. Unatoka dirishani. Dirisha lenyewe la mbao, limeshapindana na uzee, kila ubao na ufa wake. Nikamfuata bibi mwenye nyumba, kwa Kilatvia changu cha kuchechemea nikamwambia mie niko tayari kuchangia nusu ya gharama, tutie dirisha la plastiki, lile lenye vioo viwili, tulale kama watu. Bibi akanitazama kama nimemwambia tumchinje paka wake.

"Hapa ni vecpilsēta," akasema. "Plastiki hairuhusiwi."

Neno hilo ukilipasua vipande viwili linakupa vec, kongwe, na pilsēta, mji. Mji Mkongwe! Mtu nimezaliwa Mkunazini, nimekulia kwenye vibaraza vya Unguja, nimevuka bahari ngapi sijui, nije kuambiwa habari za mji mkongwe na bibi aliyevaa soksi za sufi. Kesho yake akaniletea bunda la pamba na mkanda wa karatasi. Madirisha ya huku ni mawili kwa moja, la nje na la ndani, na msimu wa baridi watu hulaza pamba katikati kisha wakabandika karatasi kwenye nyufa. Tukafanya kazi hiyo pamoja asubuhi nzima. Upepo umepungua, haukuisha. Bado nina hasira kidogo, lakini hasira hiyo imenitoa kwenye dirisha ikanipeleka kwingine, na ndiko ninakotaka kusemea leo.

Mji wenyewe unaitwa Kuldīga. Upo magharibi ya Latvia, katika nchi ya Kurzeme, kama kilomita 150 kutoka Riga. Wanaishi watu kama elfu kumi na kitu, yaani soko letu la Darajani, Unguja, siku ya kuamkia Idi linawameza wote na nafasi ikabaki. Mto Venta unapita pembeni, na hapo mjini una maporomoko ambayo wenyeji wanayasifia kuwa ndiyo mapana kuliko yote Ulaya: mita 249 kutoka ukingo hadi ukingo. Upana huo. Kimo chake ni mita mbili tu, kama mtu mrefu aliyesimama. Shemeji yangu wa Moshi nilipomtumia picha alijibu, "Hiyo ngazi ya maji inaelekea wapi?" Acheni. Majira ya kuchipua samaki wanaruka maporomoko hayo kwenda juu kutaga, unawaona hewani, na zamani watu wa hapa walikuwa wakitega vikapu juu ya maji, samaki anajiingiza mwenyewe. Mtu wa pwani hawezi kudharau mji wa namna hiyo.

Upande wa chini kuna daraja la matofali mekundu la 1874, urefu wake mita 164. Vita vya kwanza vya dunia vilivunja matao mawili mwaka 1915, wakayajenga upya 1926, na magari yanapita hadi leo. Usiku wa Jāņi, sikukuu yao ya mwezi Juni ambayo jua karibu halizami, kuna watu hulivuka daraja hilo mbio wakiwa uchi, saa tisa za usiku. Mie siendi. Nimeweka tu ili mjue nchi hii nayo ina mambo yake.

Basi. Mji huu unatajwa kwenye maandishi tangu 1242, Wajerumani wa shirika la mashujaa wa msalaba walipojenga ngome yao hapa. Wakauita Goldingen. Mwaka 1368 ukaingia katika umoja wa wafanyabiashara wa Hansa. Baadaye ukawa makao ya watawala wa Kurzeme, na mwaka 1610 akazaliwa hapa Jacob Kettler, aliyekuja kuwa mtawala mwenye merikebu nyingi na tamaa ndefu. Mwaka 1651 watu wake walikamata kisiwa kidogo ndani ya mto Gambia wakajenga ngome. Naam, Gambia ya Afrika. Miaka kumi baadaye Waingereza wakawanyang'anya. Kuna mzee jirani yangu, mtu mwema, ananibebea kuni, kila akikutana na mimi dukani husema kwa tabasamu, "Sisi na nyinyi ni watu wa zamani, Gambia ilikuwa yetu." Mara ya kwanza nilimweleza kwamba kutoka kwetu mpaka Gambia ni mbali kuliko kutoka Kuldīga mpaka Gambia. Mara ya pili nilimwambia haikuwa yenu, ilikuwa ya Jacob, na Jacob hakuwa hata Mlatvia. Akafikiri kidogo. Akasema kweli. Wiki iliyofuata akarudia vile vile.

Hapo ndipo penye shina la maneno yangu, kwamba Jacob hakuwa Mlatvia. Najua huko nyumbani wapo watakaoniambia, kama walivyoniambia msimu uliopita nilipotuma picha za mji huu: "Wenzako wanatunza cha kwao. Sisi Mji Mkongwe si wetu, ni wa Sultani, ni wa mabwana wa watumwa, ukianguka uanguke." Haya, tukae chini tuhesabu. Nyumba hizi za Kuldīga zilijengwa na nani? Na Wajerumani, wafanyabiashara na mafundi na watu wa utawala. Mlatvia wa vijiji vinavyouzunguka mji huu alikuwa mtumwa wa shamba la bwana hadi 1817, haondoki bila ruhusa. Mjini pia waliishi Wayahudi wengi, wenye maduka na sinagogi kubwa. Wao waliuliwa mwaka 1941 chini ya utawala wa Wanazi, na sinagogi leo ni maktaba ya mji. Wajerumani wenyewe walishaondolewa kurudishwa Ujerumani 1939 na 1940. Kisha wakaja Wasovieti wakazitaifisha nyumba, wakagawa vyumba, familia nne jiko moja. Mnaelewa ninaposema hivi, sina haja ya kuwasimulia Mapinduzi yetu ya 1964 wala nani alipewa chumba gani, kwa kodi gani, na nani alitakiwa atengeneze paa na hakutengeneza.

Kwa hiyo wenye nyumba wamekwenda, serikali ikazichukua, wapangaji wakakaa miaka hamsini bila kujua lipi lao. Hadithi hiyo ni yetu hiyo hiyo, tofauti theluji tu. Nao wanazitunza. Ndiyo inayoniuma. Ingekuwa hadithi yao nyepesi ningelala.

"Wana pesa za Ulaya." Wanazo. Latvia imo kwenye Umoja wa Ulaya tangu 2004 na fedha zimemwagwa, sikatai. Lakini na sisi tumemwagiwa. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883 hapo Mji Mkongwe, Oman ilishatoa fedha, mafundi walikuwa ndani wanafanya kazi, na siku ya tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima ukaporomoka na watu wawili wakafa. Nilikuwa Riga siku hiyo. Video nimeiona mara moja tu, sijairudia. Msiniambie pesa.

"Umekuwa Mzungu." Haya, Mzungu huyu anakula ndizi za mkono wa tano kwa bei ya kuku na kila Ijumaa anatafuta nazi kwenye duka la Waasia mji mwingine. Sikuja hapa kuwacheka. Nataka kusema jambo dogo kuhusu mbao na chokaa, mnisikilize.

Huku wapo mafundi wa kutengeneza madirisha na milango ya zamani, wana karakana yao, na vijana hujifunza kwao. Nilikwenda kuchungulia. Dirisha likioza chini, hawalitupi. Wanakata ile sehemu iliyooza tu, wanaunga mbao mpya ya mti ule ule, wanasugua, wanapaka rangi ya mafuta ya kitani ambayo inaacha mbao ipumue. Kioo cha zamani chenye mawimbi wanakirudisha. Nikasimama nikitazama na nikasikia harufu ya mafuta hayo, na harufu hiyo ni ya karakana ya ami yangu.

Ami yangu ni fundi wa milango. Nakshi, njumu, yote. Kajifunza kwa baba yake, baba yake kwa babu yake. Miaka arobaini hakuna aliyemwekea karakana, hakuna aliyempelekea kijana mmoja akasema mfundishe, tutakulipa. Vijana waliomjia ni waliotaka vinyago vya kuuzia watalii. Mlango mmoja alioukarabati kwa miezi mitatu, mwenye nyumba akauuza, ukapanda meli, na pale penye mlango sasa pana geti la chuma lililopakwa fedha. Ami hupita pale kila siku kwenda msikitini. Husema hautazami.

Na chokaa, jamani, chokaa! Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zimejengwa kwa chokaa kwa sababu ukuta wa pwani lazima utoe unyevu nje. Unakuja na saruji, unapiga lipu ngumu, chumvi inabaki ndani inakula ukuta, boriti za mikoko zinaoza kichwani zilikoingia ukutani, na siku ya mvua ya masika orofa inashuka. Hili kila fundi mzee wa Unguja analijua. Tulilijua kabla mtu wa Kuldīga hajajua kuna Unguja. Nasi ndio tuliotangulia pia kule UNESCO, kwenye orodha ya urithi wa dunia: Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000, wao mji wao umeingizwa Septemba 2023 kwenye kikao kilichokaa Riyadh. Miaka 23! Siku ile mji ulipotangazwa walifurahi hapa kama wameshinda kombe, na mie nikasimama kando nikiwa na kiburi na aibu vikigombana kifuani.

Kiburi, maana mji wao ukiulinganisha na wetu ni kijiji cha nyumba za mbao na vigae vyekundu. Wana nyumba moja ya mbao ya 1670 wanayoionyesha kila mgeni. Ni nzuri. Lakini hakuna mlango hapa unaoweza kusimama mbele ya mlango wa Malindi, mtaa wetu wa Mji Mkongwe. Na mji wetu una watu. Magharibi ikiingia huko, mtu anakohoa barazani na mwingine anamjibu, watoto wanapiga mpira uchochoroni, muuza kahawa anagonga vikombe. Hapa mwezi wa Novemba saa kumi na mbili jioni unaweza kulala barabarani. Mto mdogo wa Alekšupīte unapita katikati ya kuta za nyumba, unasikia maji yake tu, hakuna mtu. Vijana wamekwenda Riga, wamekwenda Ireland na Uingereza. Nyumba kadhaa za mtaa wangu ni tupu, zimepakwa rangi vizuri na hakuna anayewasha taa. Nimewahi kumuuliza bibi mwenye nyumba kwa nini wanahangaika na madirisha ya nyumba zisizo na watu. Akasema watarudi. Mwanawe yuko Dublin miaka 15.

Huo ndio upande wa pili na ninausema wazi, nisije nikaitwa mpambe wa Wazungu. Mji uliotunzwa sana hadi umebaki kutunzwa, nao sio ninaoutaka. Nikichagua baina ya huu na vurugu ya Darajani nachagua Darajani, lakini si lazima nichague! Hicho ndicho kinachonichoma. Sisi watu tunao, mafundi tunao, mawe na chokaa tunayo, jina tunalo. Kinachotushinda ni kumwambia mtu mwenye fedha mkononi: hapa ni mji mkongwe, alumini hairuhusiwi. Na yeye akubali. Bibi yangu wa hapa hana askari nyuma yake, ana miaka 78 na fimbo. Alisema hairuhusiwi, na mie mwenye fedha mkononi nikaenda kushika pamba.

Kuna atakayesema huko kanuni zipo pia. Zipo, nimezisoma, zimeandikwa vizuri kuliko za hapa. Sasa nenda pale nyuma ya soko unihesabie madirisha ya alumini, kisha urudi tuzungumze kanuni.

Juzi nilimpigia ami nikamwelekeza kamera kwenye dirisha langu. Nilidhani atanicheka kwa pamba. Hakuitazama pamba. Alikaa kimya, akavaa miwani, akaniambia nisogeze simu karibu na pembe ya chini, pale fundi mmoja wa ile karakana alipowahi kuunga mbao mpya. Akauliza mti gani. Nikasema msonobari. Akauliza huyo fundi ana umri gani. Nikasema kijana, hata ndevu hazijashika.

"Kaunga vizuri," akasema. "Ila upande wa nje kaacha maji yatuame. Nenda nje unipigie picha ya chini."

Nikamwambia ami, nje ni digrii 12 chini ya sifuri.

"Basi vaa," akasema. "Mie nasubiri."