Mnyamwezi ni mimi, siyo yule

Jamani, kabila nalo linaweza kumtia mtu hasara. Juzi nimepanda bodaboda, dogo ananiuliza, "Mzee, mtu wa wapi?" Nikajibu bila hiana, "Mimi Mnyamwezi." Akageuka, akanikagua kuanzia kandambili hadi kofia. "Kumbe! Umerudi lini?" Nauli ya 2,000 ikawa 5,000 hapo hapo. Siku hizi kwa vijana wa Dar, Mnyamwezi ni Mmarekani, na Unyamwezini ni huko kwenye dola. Dogo, mimi nimetoka Tabora na ndoo ya asali na michembe kwenye kiroba!

Halafu jina lenyewe wala hatukujipa. Wazee wetu walijitaja kwa utemi: huyu wa Unyanyembe, yule wa Urambo kwa mtemi Mirambo. Misafara iliposhuka pwani, pembe za ndovu begani, watu wa pwani wakaulizana hawa wametokea wapi. Magharibi huko, mwezi mwandamo unakoonekana jioni. Basi, tukawa Wanyamwezi, ndivyo tulivyosimuliwa. Ukienda kwa Wasukuma wanatuita Wadakama, watu wa kusini, kwa sababu wao wako kaskazini, na sukuma maana yake ndiyo hiyo hiyo kaskazini. Yaani kila mtu katutaja kwa upande aliosimama yeye, wa kutuuliza wenyewe hakuna.

Afadhali hata mimi. Jirani yangu Msukuma, gari la mtu likizima mtaani anaamshwa yeye. "Si Msukuma? Sukuma!" Mimi zamu yangu ni makabati. "Mwiteni Mnyamwezi, babu zake walikuwa wapagazi." Jumapili nimepandisha kabati la mninga hadi ghorofa ya tatu, kwenye kona ya ngazi likanibana ukutani kama stempu. Malipo? Soda. Tena ya moto.

Jana alfajiri mlango ukagongwa. Mwenye nyumba, Mzaramo, mtani wangu tangu enzi za misafara.

"Mnyamwezi!"

"Naam, mtani."

"Hivi ninyi si ndio watu wa mwezi?"

Nikafurahi, hatimaye mtu anataka kujua asili. Nikavuta stuli, nikamweleza pwani, misafara, mwezi mwandamo, akawa anatikisa kichwa tu.

"Nimekuelewa, mtani. Sasa huu umeandama wa pili. Kodi yangu iko wapi?"