Pima Rimu Kwanza, Kalipa Baadaye

Juzi jioni kijana mmoja ninayemheshimu kwa jinsi anavyolitunza gari lake alinipigia simu. "Kaka, njoo unisikilizie kitu." Wiki hiyohiyo alikuwa amebadilisha breki za mbele: kalipa (vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni nne, nyekundu, pamoja na diski kubwa kuliko zile gari lilizotoka nazo kiwandani. Kilichomsumbua ni mlio. Akienda moja kwa moja, kimya. Akikata kona ya kulia kwa mwendo kidogo, gurudumu la mbele kushoto linatoa sauti nyembamba ya chuma juu ya chuma, kisha inapotea.

Tukapiga jeki, tukavua gurudumu, nikamulika tochi ya simu. Uso wa kalipa, ule upande unaotazama spoku (mikono ya rimu), ulikuwa umepigwa grenda. Rangi nyekundu imeondoka upana wa vidole viwili, aluminiamu iko wazi, na juu yake alama za jiwe la grenda zimepishana huku na huku. Kwenye kila stadi ya habu, yaani skrubu za kile kitovu gurudumu linapofungwa, ilikuwa imevalishwa washa moja. Washa tano, ndizo zilizokuwa zimelitenga gurudumu na habu ili spoku zisiguse kalipa. Na bado zilikuwa zinagusa.

"Fundi kasema ni kawaida, kaka. Kila mtu anafanya hivyo."

Nilimwomba asiliendeshe tena hata mita moja. Nilirudi nyumbani nikashindwa kulala, ndiyo maana naandika.

Tuanze na pale palipokatwa. Kalipa ya aina ile imefungwa imara, haitelezi huku na huku kama za kawaida zenye pistoni upande mmoja tu. Ina pistoni mbili kila upande, na nyuma ya pistoni kuna ukuta wa aluminiamu unaozuia mafuta ya breki. Ukuta huo ndio fundi alioupunguza. Mguu ukikandamiza pedali kwa nguvu zote, msukumo wa mafuta unaweza kufika baa 100. Chukua pistoni za mm 38 na mm 42 kwa upande mmoja: eneo lake kwa pamoja ni karibu milimita mraba 2,520. Zidisha. Unapata nguvu inayokaribia uzito wa tani mbili na nusu, inayousukuma ukuta ule kuelekea nje, na upande wa pili vilevile. Aliyebuni kalipa aliweka unene ule kwa hesabu. Ukiupunguza kwa grenda, hujui umebakiza kiasi gani, hujui njia za mafuta zimepita wapi ndani, na hutajua mpaka siku mtu anapokatisha barabara mbele yako na wewe unakanyaga kwa mguu mzima.

Halafu zile washa. Gurudumu halishikiliwi na nati peke yake. Linashikiliwa na msuguano wa uso mpana wa rimu uliobanwa juu ya uso mpana wa habu. Ukiweka washa umeondoa uso huo wote, gurudumu sasa limekaa juu ya visahani vitano vidogo. Stadi ambazo kazi yake ni kuvuta sasa zinapindwa kila mzunguko. Na nati zimepoteza nyuzi. Stadi ya M12 (unene wa mm 12) yenye nyuzi za 1.5, yaani kila mzunguko nati inasogea mm 1.5, inahitaji nati iingie angalau mm 12, yaani mizunguko minane. Kila mm 5 unazoongeza nyuma ya rimu zinakula zaidi ya mizunguko mitatu. Hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya kwa mkono, pale pale, kabla ya kukaza.

Na yote haya yangeepukika kwa kipande cha kadibodi.

Ndiyo, kadibodi. Watengenezaji wengi wa seti za breki hutoa mchoro wa kalipa kwa ukubwa wake halisi. Unauchapa, unaweka rula juu ya mstari wa kipimo kuhakikisha printa haijaupunguza, unaubandika kwenye kadibodi, unaukata. Kisha unalaza rimu tupu kifudifudi, unasimamisha kadibodi ndani yake kwa kufuata uso unaokaa kwenye habu, na unaizungusha duara zima. Ikikwama popote, umepata jibu, na hujanunua chochote.

Kuna sehemu mbili za kutazama, na watu wengi hutazama moja. Ya kwanza ni mgongo wa kalipa dhidi ya pipa la rimu, yaani lile duara lake la ndani. Hapa ndipo maneno ya "rimu yangu ni 16, inatosha" huwaponza watu. Inchi 16 ni mm 406.4, lakini kipimo hicho kinachukuliwa pale tairi linapokalia, si ndani kalipa inapokaa. Toa unene wa chuma, toa bonde lililotengenezwa ili tairi lipite wakati wa kuvalishwa, na nusu kipenyo cha ndani kinashuka kutoka 203 hadi karibu 190, kutegemea rimu. Sasa chukua diski ya mm 326, kama ile ya mbele iliyokuja na Subaru Impreza WRX STI yenye kalipa za Brembo. Nusu yake ni 163. Mgongo wa kalipa unapanda juu ya ukingo wa diski, tuseme mm 35. Tumefika 198. Haiingii. Hata ukiipaka mafuta haiingii. Ndiyo maana breki zile zinataka rimu za inchi 17 kwenda juu.

Ya pili ndiyo iliyomkamata kijana wangu: uso wa kalipa dhidi ya spoku. Hapa ukubwa wa rimu haukusaidii. Rimu mbili zinaweza kuwa zote inchi 17, upana uleule, ofseti ileile ya 45, moja ikapita kwa raha na nyingine ikakwaruza, kwa sababu spoku za moja zimebinuka kuelekea nje na za nyingine zimenyooka au zimezama ndani. Ofseti inakuambia uso wa habu uko wapi ukilinganisha na katikati ya rimu. Haikuambii spoku inapita wapi. Mtu akikuuliza "ofseti ngapi?" halafu akakujibu palepale kwamba itaingia, amekisia.

Kama mchoro haupo, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Funga kalipa na diski mahali pake. Bandika vibonge vya udongo laini, ule wa watoto wa kuchezea, kwenye mgongo wa kalipa na usoni mwake pale palipotokeza zaidi. Pakaza maji kidogo ndani ya rimu ili udongo usinate. Valisha rimu, kaza nati mbili tatu kwa mkono, zungusha taratibu duara moja, vua. Udongo umebonyezwa. Kata kibonge kwa wembe katikati, pima unene uliobaki. Nilifanya hivi mara ya kwanza nikiwa na rafiki yangu, na kibonge cha usoni kilibaki chembamba kama ukucha wa kidole gumba. Kwa macho tulikuwa tumeona nafasi ya kutosha kabisa, tulikuwa hata tumeshakubaliana kuondoka.

Mimi sikubali chini ya mm 3, popote. Rimu inajipinda gari likilala kwenye kona, beringi ina mchezo wake mdogo, joto linatanua vyuma. Na usisahau vile vipande vya risasi vya kubalansi vinavyobandikwa ndani ya pipa: navyo vina unene, navyo vinapita juu ya kalipa kila mzunguko. Mwambie anayebalansi avibandike mbali na hapo.

Spesa, ile sahani ya kuweka kati ya rimu na habu? Nakubali, kwa shingo upande. Spesa ya kipande kimoja, iliyochongwa sawasawa, inayokaa kwenye shingo ya habu na kuibeba rimu katikati, pamoja na stadi ndefu zaidi, ni kitu kinachofanya kazi. Ila fahamu kwamba spesa ya mm 10 imelisogeza tairi nje mm 10. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, shusha gari lipate uzito wake, uone kama halisugui bodi.

Sasa niseme la pili linalonikera. Kijana aliniambia amenunua pistoni nne ili gari lisimame mapema zaidi. Nilimuuliza: breki za zamani ukikanyaga kwa nguvu, ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ilikuwa inaingia? Akasema ndiyo, pedali ilikuwa inatetemeka. Basi, kinacholizuia gari lako kusimama mapema zaidi ni tairi. ABS inapoingia maana yake breki tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi na lami. Kalipa kubwa haziwezi kuongeza mshiko huo. Tairi nzuri zingeweza.

Na idadi ya pistoni haisemi kitu peke yake. Zile pistoni mbili za 38 na 42 kwa upande mmoja zina eneo la 2,520. Pistoni moja ya mm 57 kwenye kalipa ya kawaida inayoteleza ina 2,552. Nne dhidi ya moja, na ile moja imezidi kidogo. Nguvu inayobaki inatoka kwenye diski kubwa zaidi, kwa sababu pedi zinashika mbali zaidi na katikati, na kwenye aina ya pedi.

Faida ya kweli ya breki kubwa ni joto, na hapo sitabishana na mtu. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya karibu kilojuli 579. Inatosha kuchemsha lita 1.7 za maji kuanzia nyuzi joto 20. Yote inaingia kwenye diski na pedi ndani ya sekunde chache, na ukipunguza kasi hiyo nusu inabaki robo tu, ndiyo maana mjini huioni. Ukisimama mara moja, breki ndogo inaimeza. Ukisimama mara kumi mfululizo, au ukishuka mlima mrefu umebeba mzigo, diski nzito inaendelea kufanya kazi pale ndogo iliposhindwa. Mwaka 1953 Jaguar walishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa gari la C-Type lenye breki za diski kutoka Dunlop, huku wapinzani wakiwa bado na dramu, breki za ngoma ambazo pedi zake hukandamiza kutoka ndani. Dramu ikishapata joto inalegea, na saa 24 ni ndefu.

Kwa hiyo kama unashuka milima kila siku, unavuta tela, unakimbia kwenye uwanja wa mbio, au umeongeza nguvu ya injini, breki kubwa zinakuhusu. Zinapendeza pia, sikatai. Lakini kama hujawahi kubadilisha mafuta ya breki tangu ununue gari, anza hapo. Mafuta hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, pedali inazama mpaka sakafuni.

Mengine nayapitia haraka. Ukiongeza sana nguvu ya mbele bila kugusa nyuma, breki za nyuma zinakuwa abiria, na umbali wa kusimama unaweza hata kurefuka. Ukiongeza eneo la pistoni bila kufikiria masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali), pedali inakuwa ndefu. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, upimwe urefu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho na gurudumu likining'inia. Nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa, lazima iwe juu. Ikiwa chini, kalipa zimebadilishana kushoto na kulia, na hewa haitatoka hata mpige pedali mpaka usiku.

Jumamosi tulirudi kwa kijana. Tulizitoa kalipa nyekundu, tukarudisha zake za zamani. Tuliweka pedi mpya, tukamwaga mafuta yaliyokuwa yamegeuka rangi ya chai na kujaza mapya, tukatoa hewa magurudumu yote manne. Washa tano za kila upande tuliziweka kwenye kopo la rangi. Mbili zilikuwa zimeanza kubonyea katikati, na stadi moja ilikuwa na kovu kwenye nyuzi, tukaibadilisha.

Wakati tunafunga vifaa aliichukua kalipa iliyokatwa, akaipitisha kidole pale kwenye alama za grenda. Aliniuliza kama anaweza kuipaka rangi tena na kuiuza.

Nikamwambia hapana, mdogo wangu. Akaiweka chini, akachukua rimu ya zamani iliyokuwa imeegemea ukuta, akaigeuza kifudifudi sakafuni, akaniuliza kadibodi inakatwa kuanzia wapi.