Kuruka kosa si kutengeneza seva

Kuna amri moja ya MySQL, programu ya hifadhidata, ya kuruka kosa, ambayo mafundi wa mifumo wengi kuanzia Iringa mpaka Tunduma wanaijua hata usingizini: sql_slave_skip_counter. Seva nakala, ile inayotunza nakala ya data ya seva kuu, imesimama, skrini inaonyesha kosa 1062, mteja hakauki kwenye simu. Fundi anaandika ile amri, anaweka 1, anawasha urudufishaji, yaani kazi ya kunakili data kutoka seva kuu, mambo yanaendelea, analipwa, anaondoka. Naipinga tabia hii kwa nguvu zangu zote. Kwangu mimi, hitilafu ya urudufishaji haijatengenezwa mpaka pawepo jaribio lililoandikwa kwenye faili, jaribio ambalo linashindwa hitilafu ikiwepo na linafaulu ikiondolewa. Bila hilo, tumezima kengele tu.

Kosa 1062 maana yake seva nakala imeambiwa iingize mstari ambao tayari inao, wenye ufunguo (namba ya utambulisho) usioruhusiwa kujirudia. Swali la kujiuliza hapo ni moja: umefikaje? Seva kuu huandika kila badiliko kwenye logi yake. Upande wa nakala kuna nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa sambamba ndani ya seva: mmoja unavuta logi kutoka seva kuu, wa pili unatekeleza yaliyomo. Ule wa pili lazima ukumbuke umefika wapi. Kwenye MySQL 5.5 na zilizotangulia, kumbukumbu hiyo ilikaa kwenye kijifaili cha kawaida, relay-log.info, nje kabisa ya hifadhidata. Umeme ukikatika, data inaweza kuwa imeshafika kwenye diski huku kijifaili kikiwa bado kinasoma nafasi ya nyuma. Seva ikiwaka inarudia kazi iliyokwisha kuifanya.

Niliona matokeo yake kwenye SACCOS moja ambayo makao yake yako Mwanjelwa na tawi liko Tukuyu. Tawini waliweka seva nakala ili wanachama waangalie salio bila kutegemea laini ya kuja mjini. Mfumo wao ulikuwa wa zamani: mtu akiweka fedha, unaingiza mstari kwenye jedwali la miamala, kisha kwa amri nyingine inayojitegemea unaongeza salio. Umeme wa Tukuyu ukakatika, ukarudi, seva ikasimama na 1062 kwenye ule mstari wa muamala. Fundi aliyekuwapo akaruka. Amri iliyofuata kwenye logi ilikuwa ya kuongeza salio kwa shilingi 50,000, na yenyewe haina ufunguo wa kugongana na chochote. Ikapita kimya kimya, kwa mara ya pili.

Mhasibu wa tawi, mama mtu mzima, ndiye aliyegundua. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu mama, kule Mwanjelwa ana laki tatu na themanini, hapa kwangu ana laki nne na thelathini. Nimpe ipi?" Nikamwambia, "Subiri kwanza mama, usilipe kwa kuangalia mashine ya hapa."

Tazama vizuri kilichotokea. Kosa lililopiga kelele ndilo lililokuwa linawalinda. Seva ilisimama pale pale ilipopaswa kusimama, na kuruka ndiko kulikofungua mlango wa salio la uongo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaandika slave_skip_errors kwenye faili la mipangilio ili 1062 isisimamishe kitu tena maishani. Seva ya namna hiyo itaonyesha Seconds_Behind_Master ni 0, kila mtu atafurahi, na majedwali ya pande mbili yatazidi kuachana siku hadi siku. Kipimo kile kinapima ucheleweshaji, hakipimi ukweli wa data.

Sasa jaribio. Watu wakisikia habari za kupima urudufishaji wanafikiria chumba cha seva chenye viyoyozi. Si kweli. MySQL na MariaDB, hifadhidata ndugu yake, zote zina programu ya majaribio inayoitwa mysql-test-run, na kwenye mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu ile ya MariaDB inapatikana kama kifurushi cha kusakinisha. Inawasha seva kuu na seva nakala kwenye laptopu moja, kila moja na poti yake. Jaribio lenyewe ni faili mbili za maandishi: ya .test ina amri, ya .result ina majibu yanayotarajiwa. Programu inaendesha ya kwanza, inalinganisha na ya pili, herufi moja ikitofautiana jaribio limeshindwa. Mwanafunzi aliyepanga chumba Iyunga anaweza kuifanya kazi hii leo jioni.

Hitilafu ya Tukuyu inaandikika hivi. Unatengeneza jedwali la akaunti na la miamala. Unasimamisha nakala, unanakili relay-log.info pembeni, unaiwasha. Kwenye seva kuu unaweka 50,000. Unatumia sync_slave_with_master ili nakala ifikie pale seva kuu ilipo. Unazima nakala, unarudisha kijifaili cha zamani mahali pake, unaiwasha tena, na ikisimama na 1062 unaruka kama alivyofanya yule fundi. Mwisho unasoma salio pande zote mbili. Umeigiza giza la Tukuyu bila kugusa swichi ya umeme, na sasa yeyote duniani anaweza kuliona kosa lako kwa macho yake.

Hapo ndipo dawa inapata maana. MySQL 5.6 ya mwaka 2013 iliruhusu nafasi ya nakala ihifadhiwe kwenye jedwali, na MariaDB 10.0 ya mwaka 2014 ilileta jedwali la gtid_slave_pos kwa kazi hiyo hiyo. Likiwa jedwali la InnoDB, injini ya kuhifadhi data, nafasi inaandikwa ndani ya muamala ule ule wa hifadhidata (si wa fedha) unaobadilisha data: vyote viwili vinaingia au vyote viwili vinakosa. Ukilirekebisha lile jaribio la SACCOS liendeshwe kwa mpangilio huo, kurudisha kijifaili cha zamani hakubadilishi salio la mtu.

Kitu kimoja kinaniudhi kwenye majaribio mengi ninayoyasoma: amri ya kulala. Mwandishi hajui nakala itamaliza lini, basi anaandika sleep 5 na kuomba Mungu. Kwenye mashine yake ya kasi inatosha. Kwenye laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka haitoshi, jaribio linashindwa leo, kesho linafaulu, na mwisho wake linaingizwa kwenye orodha ya majaribio yaliyozimwa, disabled.def. Subiri tukio, usisubiri saa. Pale ambapo hitilafu inatokea nyuzi mbili zikigongana kwenye sehemu finyu, kuna debug_sync, inayosimamisha uzi mahali ulipopataja mpaka uzi mwingine utoe ishara. Inataka seva iliyojengwa kwa hali ya uchunguzi, lakini kero ya kuijenga ni ndogo kuliko ya jaribio lisiloaminika.

Na kuna sehemu ambayo naamini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna la kuwafundisha wenzetu. Majaribio ya kuanguka kwa seva kwa kawaida huua mchakato, kwa kill au kwa kuiambia seva ijiangushe. Ukiua mchakato, yale ambayo seva ilikwisha kuyakabidhi kwa mfumo endeshi bado yako salama kwenye kumbukumbu ya mfumo huo, na yatafika kwenye diski. Umeme ukikatika yanapotea. Hivi ni vifo viwili tofauti! Seva kuu yenye sync_binlog=0, yaani isiyoilazimisha logi yake ifike kwenye diski kila mara, inaweza kufaulu majaribio yote ya kuuawa, halafu radi ya Februari ikapiga, seva ikawaka na logi fupi kuliko ile ambayo nakala imeshaipokea. Nakala inaomba nafasi isiyokuwepo tena, unakutana na kosa 1236. MySQL ilibadilisha chaguo-msingi la sync_binlog kuwa 1 kwenye toleo la 5.7, MariaDB 10 ilibaki na 0. Kuigiza hili kunahitaji kuweka seva ndani ya mashine pepe, kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, na kuizima ghafla mashine nzima. Nani ana sababu ya kuandika majaribio ya namna hii kuliko mtu wa Uyole au Makambako ambaye mvua zikianza anajua kitakachofuata?

Tusidhani kwamba wakubwa hawaguswi. Tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao wa GitHub pwani ya mashariki ya Marekani ulikatika kwa sekunde 43. Seva za MySQL za pwani ya magharibi zikapandishwa kuwa kuu huku za mashariki zikiwa na maandishi ambayo hayajafika upande wa pili. Huduma ilichechemea kwa saa 24 na dakika 11, maana waliamua kulinda data kwanza na haraka baadaye. Huo ndio uamuzi ninaotaka viongozi wa SACCOS na AMCOS zetu wauzoee: kumlipa fundi siku ya ziada ya kuandika jaribio hata kama mashine tayari inawaka.

Ombi langu jingine ni kwa wahadhiri wa kompyuta. Miradi ya mwaka wa mwisho imejaa mifumo ya kusajili wanafunzi na kusimamia maduka, na mingi inaishia kabatini. Mpokeeni kijana anayeleta jaribio moja la urudufishaji kwa ajili ya MariaDB, hata kama hajui lugha ya C++ ya kutosha kuandika kiraka chenyewe, yaani msimbo wa kuondoa hitilafu. Msimbo uko wazi, majaribio ya aina hii yanakaa kwenye mysql-test/suite/rpl, na kwa wasanidi ripoti yenye jaribio linaloshindwa kila likiendeshwa ina thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko. Kusahihisha mradi huo nako hakuna ugumu: msimamizi anauendesha kwenye toleo lenye hitilafu, kisha kwenye toleo lililotengenezwa, na anaangalia kama majibu yamebadilika.