Tequila ya Kunusa

Jamani, mtu mzima nimealikwa kunywa, nimeishia kunusa.

Shemeji yangu karudi kutoka Mexico, alikwenda kikazi. Kapiga simu: "Shem, njoo, kuna kitu." Ukiambiwa kuna kitu na mwezi umefika pabaya, unaenda. Foleni sisemi. Umeme sisemi. Nimefika shati limelowa, koo kavu, ndimu mfukoni na chumvi kwenye kikaratasi, maana tequila na mimi hatujajuana jana.

Kuona ndimu, shemeji kashtuka. "Weka mbali hizo! Hii ni extra añejo!"

Semina ikaanza. Eti tequila ina madaraja: reposado inalala kwenye pipa la mwaloni angalau miezi miwili, añejo mwaka, na hii yake, extra añejo, miaka mitatu kwenda mbele. Daraja lenyewe limeanza kutambuliwa rasmi 2006. Na kabla ya pipa, mmea umekaa shambani miaka sita, saba, unakomaa. Nasikiliza kwa heshima zote, macho kwenye chupa.

Akamimina. Ndugu zangu, ingekuwa dawa ya kikohozi ya mtoto, ungemrudishia nesi.

"Tazama rangi." Natazama kwa tochi ya simu. "Zungusha glasi. Unayaona machozi yanavyoteremka?" Nayaona, na yangu yako njiani. "Sasa nusa, mdomo wazi kidogo, pua usiizamishe. Unapata nini?"

"Napata pombe."

"Tulia, shem. Vanila. Karameli. Mdalasini."

Dada akapita, akasema vanila ni mshumaa.

Nikauliza, huo mmea ndio upi? Kunionyesha picha: mkonge! Mimi mtoto wa Tanga, unionyeshe mkonge kwenye simu? Shemeji akanisahihisha, huu ni agave ya bluu ya Jalisco, jimbo la Mexico. Sawa, lakini ukoo ni mmoja, na wa kwetu nao asili yake Mexico hukohuko, Mjerumani Hindorf ndiye aliyetuletea mwaka 1893. Wenzetu wanafyeka majani, wanaoka lile bonge la katikati, wanapata hiki kitu. Sisi tukapewa kamba na magunia! Babu yangu kakata mkonge Korogwe mpaka mgongo ukapinda, miba mikononi, na jioni anakunywa maji ya mtungi. Hakuna Mjerumani aliyemnong'oneza kwamba mkonge una binamu anayenyweka.

"Haya onja. Tone tu, lizungushe mdomoni, usiharakishe."

Nikameza. Na hapo ndipo hasira ziliponipanda, kwa sababu ni nzuri. Laini, haikwaruzi, utamu unabaki kooni unakusubiri useme kitu. Nikanyoosha glasi. Shemeji anafunga kizibo! "Hii haishindiliwi, shem. Tutaendelea Krismasi." Kisha ananifariji eti hata kwenye pipa huwa inapungua kila mwaka, inapotelea hewani. Yaani hewa ya Jalisco imekunywa kunizidi mimi, mjomba wa watoto wake!

Nasubiri mshahara. Nasubiri maji. Fundi kasema kesho tangu Ramadhani. Hata starehe nayo nisubirishwe? Si bora angenipa soda nikajua moja?

Nikaaga. Bodaboda kunifikisha, namkabidhi elfu kumi, chenji hana. Hivi hawa vijana chenji huwa wanaipeleka wapi? Asubuhi hana, ndiyo kwanza katoka. Usiku hana, eti kashapeleka hesabu kwa bosi. Ukimwambia basi zima pikipiki tutafute duka, anakwambia bosi, mafuta yanaisha. Yanaishaje imezimwa?