Shaba inayochagua bado inapoteza kaboni

Watafiti wanatafuta namna ya kugeuza hewa ukaa kuwa mafuta na kemikali kwa kutumia umeme. Katikati ya miaka ya 1980 Yoshio Hori na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba elektrodi ya shaba, ikipata umeme ndani ya maji yenye hewa ukaa, hutoa methani na ethilini, gesi ambayo ni malighafi ya plastiki. Dhahabu na fedha huishia kwenye monoksaidi ya kaboni, kwa kuwa huiachia mara inapotokea. Bati hutoa fomati, yaani chumvi ya asidi fomiki. Shaba huishika monoksaidi hiyo kwa nguvu ya wastani, molekuli mbili zikapata nafasi ya kuungana, na hapo ndipo njia ya ethanoli inapoanzia.

Ila shaba haichagui. Mazao zaidi ya kumi hutoka kwa pamoja, na haidrojeni ya maji juu yake. Ndiyo maana wabunifu wa vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko kama shaba hii, wanahangaika na uso wake: atomi zikipangika kimraba, ethilini huongezeka, zikipangika kipembetatu, methani. Hoja yao ina uzito, maana zao likiwa moja, gharama ya kutenganisha mchanganyiko hushuka. Tatizo ni kwamba atomi hizo hujipanga upya umeme unapopita, na uso uliobuniwa kwa ustadi haudumu.

Kinachonisumbua zaidi ni kipimo chenyewe. Sifa ya kichocheo hutangazwa kwa sehemu ya umeme iliyoishia kwenye zao linalotakiwa. Kaboni haihesabiwi. Ethilini moja hutumia molekuli mbili za hewa ukaa na kuacha ioni 12 za haidroksidi (OH⁻), ambazo katika seli (chombo cha mmenyuko) isiyo na asidi zinaweza kunasa molekuli nyingine sita za hewa ukaa na kuzifanya kabonati, ambayo si zao linalotakiwa. Kwa hiyo hata kichocheo kisichopoteza elektroni moja kinaweza kuambulia robo tu ya kaboni iliyotumika. Asidi hupunguza hasara hiyo, lakini huipa haidrojeni mwanya wa kuchukua umeme.

Kwa mafuta, naona njia ya hatua mbili ina nafasi nzuri zaidi kwa sasa: seli za oksidi ngumu, zinazotumia kauri badala ya maji, kwenye joto la nyuzi 700 hivi au zaidi, hutoa monoksaidi bila kabonati, kisha mchakato wa Fischer-Tropsch, uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1920, huiunganisha na haidrojeni kuwa mafuta. Mitambo ni mingi na joto ni ghali, nakubali. Utafiti wa shaba uendelee, ila kila tangazo la uteuzi (sehemu ya umeme iliyoishia kwenye zao moja) wa asilimia 80 au 90 liambatane na takwimu mbili: kaboni iliyopotea, na saa ambazo kichocheo kilifanya kazi bila kubadilika.