Je, profesa wa uhandisi akomee maabarani?

Kazi ya Ashok Gadgil, profesa mstaafu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inaibua swali linalogawanya wahandisi: anayebuni mtambo kwa ajili ya maskini aishie kwenye mfano uliofaulu maabarani, au aufuate hadi unakotumika?

Wanaotaka aishie maabarani wana hoja nzito. Fedha za utafiti hutolewa kwa jambo jipya, si kwa kubadilisha taa iliyoungua. Kumwachia mtafiti hodari vibali, ushuru na vipuri ni hasara, maana wafanyabiashara wanaijua kazi hiyo kumzidi.

Lakini tazama yanayoharibika. Kisafisha maji alichobuni Gadgil miaka ya 1990, baada ya mlipuko wa kipindupindu huko Bengal, huua vijidudu kwa mionzi ya urujuanimno. Taa huning'inia juu ya maji, hivyo haishikwi na utando kama ile iliyozamishwa. Ubunifu mzuri mno! Hata hivyo, maji yakiwa na tope, vijidudu hujikinga nyuma ya chembe. Tena mionzi haibaki ndani ya maji kama klorini, kwa hiyo ndoo chafu huyachafua upya.

Mtambo wake wa kuondoa arseniki, sumu inayopatikana katika maji ya visima, ni mgumu zaidi. Umeme hupitishwa kwenye mabamba ya chuma yaliyo ndani ya maji. Chuma huyeyuka na kuwa kutu, kutu hunasa arseniki, kisha hutuama. Shabaha ni kushuka chini ya mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Baada ya muda mabamba huota ukoko na kuhitaji volti zaidi kwa kazi ileile, na tope lenye sumu lazima litafutiwe pa kwenda. Jaribio fupi la maabarani halionyeshi hayo.

Jiko la kuni alilowabunia wakimbizi wa Darfur, Sudan, ndilo linaloniegemeza upande wa pili. Kupunguza kuni kuliko mafiga hakukutosha: asida, ugali wa huko, husongwa kwa nguvu, na jiko likiyumba chungu humwagika. Jambo hilo hujulikana jikoni kwa mpishi, nalo ni utafiti kamili.

Sisemi profesa awe mfanyabiashara. Aufuate mtambo mpaka fundi wa pale auendeshe bila kumpigia simu, na bajeti ya utafiti itenge fedha za vipuri na matengenezo tangu mwanzo. Vyuo navyo vihesabu mtambo unaoendelea kufanya kazi, pamoja na makala, wakati wa kumpandisha cheo.